MAARIFA KWA MKULIMA: Povu la Mkonge na Dawa ya Viungo

Mtu yeyote aliyepata kuchuna mkonge kwa mkono anayajua maji yake. Hutoka ya kijani, yana harufu kali, na yakigusa ngozi huwasha hata mtu akajikuna mpaka jioni. Yakikorogwa katika ndoo hufanya povu kama la sabuni. Yakimwagwa mtoni kwa wingi, samaki huonekana wakielea matumbo juu. Kwa sababu hizo watu wengi huyahesabu kuwa ni takataka ya kuepukwa, nao wana haki. Walakini katika maji hayo hayo imo asili ya dawa moja mashuhuri, dawa ya jamaa ile iliyowainua vitandani wagonjwa wa baridi yabisi ambao walikuwa hawawezi hata kufunga vifungo vya nguo zao. Yafaa mkulima aijue habari hiyo yote, faida yake na hatari yake, kwa maana zote mbili zimetoka katika chungu kimoja.

MKONGE ULIVYOFIKA

Mkonge si mmea wa asili ya Afrika. Kwao ni Mexico. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Dr. Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani, iletwe katika nchi ambayo baadaye iliitwa Tanganyika, na ambayo wakati huo ilitawaliwa na Wajerumani. Safari ilikuwa ndefu, kwa kuzungukia Hamburg, na miche mingi ikafa njiani. Iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Katika hiyo 62 yalitokea mashamba makubwa ya Tanga na Pangani, na baadaye mkonge ukaenea katika Kenya. Siku hizi msomaji huuona Vipingo, Taita Taveta, Kibwezi na Mogotio, na katika Ukambani huuona umepandwa kuwa ua wa shamba.

Kinachotafutwa katika jani la mkonge ni singa, yaani nyuzi zile za kusokotea kamba na kufumia magunia na vyondo. Lakini singa ni sehemu ndogo mno ya jani. Katika kila kilo 100 za majani, singa kavu ni kilo 4 hivi. Zilizosalia ni maji na makapi. Mashine ya kuchunia, ile ambayo wafanyi kazi wa mashamba ya Tanga huiita korona, hukwangua jani mara moja, singa zikaenda kuanikwa na makapi yakachukuliwa na maji. Kwa miaka mingi sana karibu kila kilichovunwa shambani kilitupwa.

SAPONINI NI KITU GANI

Kitu kinacholifanya povu lile wataalamu hukiita saponini, jina lililotokana na neno la Kilatini lenye maana ya sabuni. Zipo saponini za namna nyingi katika mimea mingi. Ile ya mkonge ni ya ukoo unaoitwa steroidi.

Ili kuufahamu ukoo huo, msomaji na afikiri nyumba ya vyumba vinne vilivyoungana kuta. Vyumba vitatu vina pembe sita kila kimoja, na cha nne kina pembe tano. Mawe ya pembeni ni chembe za kaboni, na katika vyumba hivyo vinne mna mawe 17. Nyumba ya ramani hiyo imo katika mwili wa kila mwanadamu. Mafuta ya damu yaitwayo kolesteroli yamejengwa hivyo. Homoni zinazompa mvulana ndevu na zinazomtayarisha mwanamke kuchukua mimba zimejengwa hivyo pia. Tofauti hutokea katika madirisha na milango, yaani vitu vidogo vilivyobandikwa juu ya kuta. Dirisha likihamishwa kutoka jiwe moja kwenda jingine, kazi yote ya nyumba hubadilika.

Saponini ya mkonge ni nyumba ya namna hiyo iliyofungiwa mkia wa sukari. Mkia wa sukari hupenda maji, na nyumba yenyewe hupenda mafuta. Kitu chenye tabia hizo mbili husimama pale maji yanapokutana na mafuta au na hewa, na hiyo ndiyo tabia ya sabuni. Kwa hiyo hutoka povu.

KAZI YAKE KATIKA VIUMBE

Hatari ya saponini yatokana na kupenda kwake mafuta. Kila chembe ya mwili imezungukwa na ngozi nyembamba sana yenye mafuta, na kolesteroli ni sehemu ya ngozi hiyo. Saponini ikiifikia hujishikiza kwenye kolesteroli, ikaitoboa ngozi, na vilivyomo ndani vikavuja. Mtaalamu akitia saponini katika damu iliyo ndani ya chupa, chembe nyekundu hupasuka, na damu iliyokuwa nzito yenye utusitusi hugeuka kuwa angavu kama divai.

Samaki hupumua kwa mashavu yake, na damu yake hupita humo karibu sana na maji ya nje. Kwa hiyo saponini humdhuru upesi. Wenyeji wa nchi nyingi walilijua jambo hilo kabla ya kuwako maabara yoyote, wakaponda mizizi na majani yenye povu na kuyatia mabwawani ili wapate kitoweo. Mtu aliyekula samaki hao aghalabu hakudhurika, kwa sababu utumbo wa mwanadamu huzuia sehemu kubwa ya saponini isiingie katika damu. Hata hivyo uvuvi wa sumu huua wakubwa na wachanga pamoja, ukaacha mto mtupu, na sheria ya Kenya inaukataza.

Konokono wa maji naye hauawi kwa shida. Jambo hili liliwavutia wachunguzi, kwa maana vijidudu vya kichocho hukua kwanza ndani ya konokono kabla ya kupenya ngozi ya mtu anayeoga au kufua. Majaribio ya maabara yameonyesha ya kuwa maji ya mkonge na ya ndugu zake huwaua konokono hao. Tabu ni kwamba dawa hiyo haichagui. Bwawa lililotiwa maji ya mkonge hupoteza samaki na vyura pamoja na konokono, basi si shauri la kufanywa na mtu peke yake kisimani kwake.

Wafugaji wa kondoo na mbuzi nao wana fungu lao katika habari hii. Uko mmea mdogo utambaao chini, wenye miiba michungu kwa nyayo, uitwao mbigili. Nao una saponini za ukoo wa steroidi. Katika nyanda kavu za Afrika ya Kusini kondoo wanaoula mbigili uliosinyaa kwa jua hupatwa na ugonjwa ambao Makaburu huuita geeldikkop, yaani kichwa kinene cha manjano. Wachunguzi walifuata njia ya ugonjwa huo hatua kwa hatua. Katika tumbo la kucheua, vijidudu huukata mkia wa sukari. Nyumba iliyobaki hufika katika ini, ikageuzwa na kufanya chembechembe ngumu kama chokaa, zikaziba mifereji ya nyongo. Basi kitu fulani kitokanacho na ukijani wa majani, ambacho desturi yake ni kutoka pamoja na nyongo, hurudi katika damu na kukaa katika ngozi. Jua likikipiga, uso na masikio ya mnyama huvimba na kuungua. Kwa hiyo huduma ya kwanza ni kumtia mnyama kivulini na kumwondoa katika malisho yale.

DAWA ILIYOTAFUTWA KATIKA NYONGO

Juu ya kila figo ya mtu kuna tezi ndogo. Miongoni mwa vitu vilivyotolewa katika tezi hizo, Edward Kendall huko Mayo Clinic, Marekani, na Tadeus Reichstein huko Uswisi, walipata kimoja ambacho baadaye kiliitwa kortisoni. Mwezi wa Septemba 1948 Dr. Philip Hench wa Mayo Clinic alimpiga sindano ya kitu hicho mwanamke mwenye umri wa miaka 29 aliyelemazwa na baridi yabisi. Baada ya siku chache mwanamke huyo alitembea. Habari ilipotangazwa mwaka 1949 hospitali za ulimwengu mzima zilitaka dawa hiyo, na mwaka 1950 mabwana hao watatu walipewa tuzo ya Nobel.

Lakini dawa yenyewe ilikuwa haba kupita kiasi. Kampuni ya Merck ilikuwa ikiitengeneza kwa nyongo ya ng'ombe, kwa hatua zaidi ya 30 zilizofuatana, na kila hatua ilipunguza kilichokuwamo. Ng'ombe wengi mno walihitajiwa ili kumtibu mgonjwa mmoja. Ilikuwa wazi ya kuwa machinjio yote ya Marekani yasingetosha, na kwamba nyumba ile ya vyumba vinne ilikuwa haina budi kutafutwa katika mimea.

KIAZI CHA MEXICO

Njia ilikuwa imekwisha kufunguliwa. Russell Marker, mkemia wa Marekani, alikuwa amegundua jinsi ya kuukata mkia wa sukari na kuondoa vipande visivyotakiwa katika saponini, hata ikabaki nyumba inayoweza kugeuzwa kuwa homoni. Mwaka 1942 alikwenda katika jimbo la Veracruz, Mexico, kutafuta namna ya kiazi kikuu cha mwituni chenye mzizi mkubwa mno. Katika kiazi hicho alipata kitu kiitwacho diosijenini, na kwa hicho akatengeneza kilo kadhaa za projesteroni, homoni ya mimba. Mwaka 1944 yeye na wenziwe wakaanzisha kampuni ya Syntex katika mji wa Mexico. Baadaye kiazi kingine, barbasco, kikaonekana kuwa na utajiri zaidi. Hata jina hilo lina habari yake, kwa maana katika nchi zile barbasco ni jina la mimea inayotumiwa kulevya samaki. Kilichokuwa sumu ya mtoni kikaingia katika chupa ya daktari.

Mwaka 1951 wakemia wa Syntex waliitengeneza kortisoni kwa kiazi hicho. Tarehe 15 Oktoba mwaka ule ule, kijana wa Mexico aliyeitwa Luis Miramontes alimaliza kutengeneza norethisteroni, ambayo ikawa mojawapo ya dawa za kwanza za kupanga uzazi. Mwaka uliofuata wachunguzi wa kampuni ya Upjohn walionyesha ya kuwa namna fulani ya kuvu, jamaa ya ile inayoota juu ya mkate uliochacha, yaweza kubandika dirisha la oksijeni katika jiwe la 11, mahali pale pagumu kuliko pote, kwa tendo moja tu.

MKONGE WAINGIA KAZINI

Uingereza, iliyokuwa na uhaba wa dola baada ya vita, haikuwa na viazi hivyo. Lakini katika Afrika ya Mashariki kulikuwa na milima ya makapi ya mkonge. Katika mkonge mna kitu kiitwacho hekojenini, ambacho Marker alikwisha kukieleza. Sifa ya hekojenini ni kwamba ina dirisha la oksijeni katika jiwe la 12. Kortisoni yataka dirisha katika jiwe la 11. Kulihamisha dirisha kwenda kwa jirani ni kazi nyepesi kuliko kutoboa ukuta mahali pasipo na kitu.

Mwaka 1951 Callow, Cornforth na Spensley, wa taasisi ya taifa ya uchunguzi wa utabibu iliyokuwako London, walitangaza ya kuwa mabaki ya mkonge ni chimbuko zuri la hekojenini. John Cornforth huyo alikuwa mtu wa Australia, kiziwi tangu ujana wake, naye alipata tuzo ya Nobel mwaka 1975 kwa kazi nyingine. Kampuni ya Glaxo ikaichukua njia hiyo, na hekojenini ya mkonge wa Afrika ya Mashariki ikawa mali ghafi ya dawa zake za ukoo wa kortisoni.

Kazi ya shambani ilikuwa hivi. Maji yaliyotoka katika mashine yalichujwa, yakaachwa birikani kwa siku kadhaa yachache. Katika kuchacha, saponini iligeuka na kutuama chini pamoja na tope. Maji ya juu yalimwagwa. Tope lilipikwa kwa asidi chini ya mvuke, mkia wa sukari ukakatika kabisa. Kilichobaki kilichujwa, kikaoshwa, kikakaushwa mpaka kikawa kama machicha ya kahawa, kisha kikatiwa magunia na kupakiwa melini. Kusafishwa na kugeuzwa kuwa dawa kulifanyika ng'ambo.

Mambo hayakukaa hivyo daima. Huko Mexico wakulima waliochimba barbasco waliona ya kuwa fedha yao ni kidogo mbele ya faida ya wenye viwanda, na mwaka 1975 Serikali yao ikaunda shirika la Proquivemex ili kusimamia biashara hiyo. Wakati huo makampuni yalikuwa yamekwisha kutazama kwingine, hasa kwa maharagwe ya soya, ambayo mabaki ya mafuta yake hugeuzwa na vijidudu kuwa nyumba ile ile kwa gharama ndogo. Singa za mkonge nazo zilipigwa na kamba za nailoni na plastiki. Mazao ya Tanganyika, yaliyopita tani 200,000 mwaka 1964, yalianguka vibaya katika miaka iliyofuata. Mwenye kuuza mali ghafi peke yake hukaa chini ya rehema ya mnunuzi. Methali yasema, penye miti hapana wajenzi.

Hata hivyo mabaki ya mkonge hayajamaliza kazi yake. Huko Hale, mkoani Tanga, makapi yametumiwa kufanya gesi ya kuendeshea mitambo ya umeme. Na huko Brazil, nchi inayozalisha mkonge kuliko nchi zote, wachunguzi wamewapa panya hekojenini iliyobadilishwa kidogo, wakaona inapunguza maumivu na uvimbe. Lakini panya si mtu, na dawa ya panya haiwi dawa ya mtu mpaka ijaribiwe kwa watu.

MAONYO MATATU

Kwanza, maji ya mkonge si kortisoni. Kati ya ndoo ya povu na kidonge cha daktari kuna safari ndefu ya mitambo, asidi na mikono ya wakemia. Anayekunywa maji ya mkonge kwa kutumaini kuponya viungo hapati dawa. Hupata mwasho wa koo, kutapika na kuharisha. Anayejipaka huongeza upele, maana pamoja na saponini mna asidi na chembechembe ndogo kama sindano zinazochoma ngozi. Wachunaji wafunike mikono, na wanawe kwa maji mengi wamalizapo kazi.

Pili, mkonge usilowekwe wala usioshwe katika mto ambao watu huteka maji na ng'ombe hunywa. Shimo lichimbwe mbali na kijito, na makapi yakusanywe yaoze yakawe mbolea. Maji machafu ya mkonge huwaua samaki kwa njia mbili: kwa saponini, na kwa kuimaliza hewa iliyomo majini wakati wa kuoza.

Tatu, na hili lawahusu hata wasiopata kuuona mkonge: dawa za ukoo wa kortisoni ni moto. Moto hupika, na moto huunguza nyumba. Mwaka 2020 majaribio makubwa yaliyosimamiwa na Chuo Kikuu cha Oxford yalionyesha ya kuwa deksamethasoni, ndugu wa kortisoni, ilipunguza kwa theluthi moja hivi vifo vya wagonjwa wa KOVIDI-19 waliokuwa wakipumua kwa mashine. Dawa hiyo hiyo haikuwafaa waliokuwa hawahitaji msaada wa kupumua. Mtu anayeitumia jamaa hiyo ya dawa kwa muda mrefu huweza kuvimba uso, kupandisha sukari ya damu, kudhoofisha mifupa na kuwafungulia maradhi mlango. Tena tezi za juu ya figo, zikiona kazi yao yafanywa na kidonge, hulala. Naye akiacha ghafula huweza kuanguka. Kwa hiyo aanzaye kwa amri ya daktari na aache kwa amri ya daktari, kwa kupunguza kidogo kidogo.

Jambo hili limekuwa zito zaidi kwa sababu ya krimu za kujichubua ngozi zinazouzwa madukani na minadani. Nyingi zimetiwa dawa kali za ukoo huu bila ya mnunuzi kuambiwa. Ngozi hung'aa kwa majuma machache, kisha huwa nyembamba kama karatasi, ikafanya michirizi, na kidonda kidogo hakiponi. Mzazi akiona mtoto wake wa kike ana mtungi mdogo usio na maelezo ya vilivyomo, afadhali ulizo la leo kuliko majuto ya kesho.

Basi mkulima akiona povu kijani likipita mferejini, na ajue ya kuwa halikuumbwa kuwa sumu wala dawa. Mmea hulihifadhi katika majani yake kwa haja zake wenyewe. Kuwa sumu au kuwa dawa kwategemea kipimo, njia ya kulitengeneza, na maarifa ya anayelishika. Wazazi wenye watoto shuleni wanaopenda masomo ya kemia na wasiwakataze, kwa maana mkonge ungalipo, makapi yangalipo, na kazi ya kuyageuza haijapata wenyewe wa kutosha katika nchi yalikoota.